Malori Yanakuja Mei

Jumatatu, 3 Machi

Bwana asifiwe. Mama Mchungaji ametugawia haya madaftari, kila mama la kwake, akasema tuandike yale Mungu anatutendea mpaka mvua ndefu iishe, kwa sababu shukrani ambayo haijaandikwa husahaulika kabla mtu hajafika nyumbani. Mimi tangu darasa la nane sijaandika kitu kirefu kuliko bei ya chapati ubaoni, kule hotelini kwangu Salgaa, wanakolala madereva wa malori. Basi daftari, univumilie.

La kushukuru leo: nimepata kazi, na iko ng'ambo ya ua. Ile nyumba ya jirani hapa mtaani Section 58, Nakuru, iliyokuwa imefungwa sasa ni ofisi. Aliyeikodi anaitwa Wariara. Ninamwita msichana lakini ana watoto wawili na sauti ya kuamrisha jeshi. Wanapanga maonyesho makubwa ya malori na usafirishaji, na kongamano juu yake, mwezi wa Mei. Watu wa matairi, wa injini, wa bima, wenye makampuni kutoka Mombasa mpaka Uganda. Alinusa githeri yangu, mahindi na maharagwe, juu ya ua akapiga hodi. "Mathe, hiyo unapika, unaweza kuipikia watu kumi kila siku?"

Nilimwambia mume wangu, Baba Jepleting. Neno "malori" lilipotoka tu mdomoni, aliongeza sauti ya redio.

Jumatano, 5 Machi

Githeri. Joto. Vumbi mpaka kwenye meno.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepeleka chai nikakuta ukuta mzima umefunikwa na karatasi yenye viboksi, kama sega la nyuki. Nikasimama na birika mkononi.

"Hivi ni vyumba?"

Wariara akacheka. "Mathe, hiyo ndiyo shoo yenyewe. Kila kiboksi ni banda la kampuni. Wa kona analipa zaidi, kwa sababu watu watampitia pande mbili."

"Na mahali pa chai mbona mmepatupa huko mwisho kabisa?"

"Makusudi. Anayetaka chai lazima apite mabanda yote kwanza."

Nimewaza jambo hilo siku nzima. Kanisani kwetu chai huwa pale mlangoni, na ndiyo maana matangazo ya mwisho hayasikilizwi na mtu. Nitamwambia Mchungaji.

Jumanne, 11 Machi

Kuna mmoja pale ofisini simwelewi. Anaitwa Kosgei. Ni mtu mwembamba wa makamo, kazi yake ni barabara, maegesho na vipimo, na hatembei bila ule utepe wa kupimia mfukoni. Wengine wote hukaa mezani wakila na kunitania. Yeye hula amesimama dirishani, haraka haraka, kama kuku anayeogopa mwewe. Akimaliza, "Asante, mama," na macho chini. Si Mkalenjin mwenzangu huyo? Hata salamu ya "chamgei" hanipi. Nimemwambia Wangu, rafiki yangu wa ushirika wa akina mama, kwamba mtu wa kula amesimama ana jambo dhidi ya mwenye chakula. Wangu akasema pengine ana bawasiri. Mungu atusamehe, tulicheka mpaka tukashika ukuta.

Jumapili, 16 Machi

Baba Jepleting hakuja kanisani tena. Nitaliandika hili mara moja, ili wewe daftari ujue ninapomtaja ninamtaja mtu gani.

Kipkemoi, baba wa binti yangu, ameendesha trela tangu nimjue. Nilimjulia pale Salgaa, akiagiza maziwa lala na chapati, na taniboi wake, yaani utingo, Mburu, akiagiza zote zilizobaki. Walisafiri pamoja miaka mingi, yeye kwenye usukani, Mburu kiti cha kushoto. Mwaka juzi, mwezi wa Juni, alfajiri yenye ukungu, wakiteremka kutoka Mau Summit, walikuta lori limeharibika katikati ya njia. Alilipiga. Yeye alitoka na mguu uliovunjika. Mburu hakutoka.

Barabarani kuna sheria ambayo haikuandikwa na serikali. Lori likikwama, dereva hukata matawi na kuyapanga rundo-rundo nyuma yake kwa umbali mzuri, ili anayekuja apunguze. Hata mtoto wa Salgaa anajua. Mwenye lile lori lililokwama aliapa kwamba aliyaweka. Baba Jepleting hakuyaona. Lakini tangu siku hiyo haamini macho yake. Hasemi "hayakuwepo." Anasema, "Sikuyaona." Na hayo si maneno mamoja. Anakaa na redio, anajiuliza kama alipitiwa na usingizi wa sekunde moja. Tulihama Salgaa tukaja huku mjini asisikie honi. Hajapanda gari kubwa tena. Tukienda hata Njoro, hufumba macho.

Ee Mungu, wewe ulikuwepo pale kwenye ukungu. Wewe unajua yalikuwepo au hayakuwepo. Kwa nini usimwambie?

Jumanne, 25 Machi

Mvua! Imeingia saa nane mchana kama mgeni aliyechelewa, na fujo nyingi. Ofisi nzima ilitoka barazani kuitazama. Mimi nikasema Mungu asante. Wariara akasema, "Mungu, si sasa." Tumemwomba vitu viwili nyumba moja.

Alhamisi, 3 Aprili

Kitabu cha programu kimerudi kutoka kwa wachapaji kikiwa cha majaribio, nami nimepewa nakala nipitishe macho. Kila mzungumzaji wa kongamano ana picha: daktari wa uchumi, mwenye bima, mama mmoja wa bandarini mwenye miwani mizuri. Ukurasa wa usalama barabarani, wa mwisho katika orodha hana uso. Ni kile kichwa cha kijivu kisicho na macho, na chini yake: "Dereva."

"Dereva gani?" nikauliza.

"Dereva yeyote," akasema Wariara. "Kila kampuni nikiiomba dereva inaniletea meneja. Mimi ningeitoa hiyo nafasi nimpe mtu wa vilainishi, anaililia. Lakini Kosgei amekataa. Amesema kongamano la malori bila dereva ni kama harusi bila bibi."

Kosgei! Huyo wa dirishani. Nikamtazama. Alikuwa anasoma utepe wake kana kwamba umeandikwa habari.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimefanya ujinga au ujasiri, sijui. Wakati wa chakula cha jioni nilimfungulia Baba Jepleting ule ukurasa mbele ya sahani.

"Wanatafuta dereva wa kuzungumza."

"Kuzungumza nini?"

"Usalama barabarani."

Alicheka, na sikupenda kile kicheko. "Mama Jep, mimi nikasimame mbele ya watu niwafundishe usalama? Waniulize matawi uliyaona, niseme nini?"

Akageuza kile kitabu kifudifudi, akaweka bakuli la mboga juu yake.

Jumatano, 9 Aprili

Leo wamenipeleka kuona uwanja! Ni shamba la zamani la ngano, kando ya barabara kuu ukielekea Salgaa, mali ya mzungu fulani hapo kale, sasa ni la ushirika wa wakulima. Nyasi tupu na upepo. Lakini Kosgei na watu wake wamechora mistari ya chokaa, vile viboksi vyote vya ukutani vimelala chini vikubwa vikubwa, nami nikatembea ndani yake kama mtoto. Hapa matairi. Hapa bima. Hapa jukwaa. Nikaingia kwenye banda la kona nikasimama nione kama watu wangenipitia pande mbili. Alinipitia ndama tu.

Nikauliza malori yenyewe yatafikaje. Wariara akaeleza akiwa na tabasamu mpaka masikioni: trela thelathini zilizosafishwa zitalala Salgaa Jumatano ya mkesha wa maonyesho, na Alhamisi asubuhi zije kwa mstari mmoja, taa zote zikiwaka, ziingie langoni mgeni wa heshima akitazama. "Hapo ndipo shoo inafunguka, mathe. Hapo ndipo kila kamera iko. Yale malori yasipoingia, mimi sina shoo, na sitapewa nyingine."

Wa kwanza mstarini ni Weldon, aliyefundishwa usukani na mume wangu. Nami nimekabidhiwa chakula cha madereva na, kwa maneno ya Wariara, "mambo ya akina mama." Sikujua mambo hayo ni yapi. Nilijibu ndiyo.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tumefunga. Baba Jepleting amefunga pia, bila kuambiwa.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Mahema yamefika, yamelala chini kama ng'ombe wagonjwa.

Jumanne, 6 Mei

Leo nitaandika mengi, moyo wangu umepinduka.

Tulikuwa uwanjani tukisubiri mvua ipungue, mimi na Kosgei peke yetu chini ya hema la jikoni. Nilimpa ugali na mrenda. Akapokea, akasimama. Nikashindwa kujizuia.

"Kosgei, kaa chini. Chakula changu kina nini?"

Akanitazama, mara ya kwanza tangu Machi. "Chakula hakina neno, mama. Ni mazoea. Kabla ya kazi hii nilikuwa wa brekdauni, kuvuta magari yaliyokufa njiani. Miaka mingi. Sisi tuliitwa hata kabla ya kutafuna, basi ukizoea kukaa unakuta gari limeondoka bila wewe."

"Brekdauni ya wapi?"

"Barabara hii. Mau Summit mpaka Nakuru." Akaweka sahani. "Nilikujua siku ya kwanza, mama. Ulikuja hospitalini na shuka ya bluu. Mimi ndiye niliyevuta gari la mzee wako."

Mvua ilikuwa inapiga hema, nikadhani sikusikia vizuri. Akaendelea taratibu, kama mtu anayeteremsha mzigo wa vyombo. Asubuhi ile, baada ya kuvuta, alitembea nyuma ya lile lori lililokwama, akipanda kilima, kwa sababu ni kazi yake kuondoa matawi ili yasidanganye wanaokuja baadaye. Alitembea mpaka kona, na zaidi ya kona. "Hapakuwa na hata jani, mama. Nilisema kwa wakubwa wangu. Wakasema sisi tunavuta, hatutoi ushahidi. Niliacha kazi mwezi huo."

Nilimwongezea mrenda. Akaketi juu ya ndoo, akala ameketi.

Na mimi nilimsema ana bawasiri! Bwana, midomo hii.

Nilirudi nyumbani mbio, nikamweleza Baba Jepleting kila kitu kabla sijavua viatu. Nilingoja alie au acheke. Yeye akasema, "Ukungu ulikuwa mzito. Watu walipita pale kabla yake, polisi, wapora mizigo. Matawi hukanyagwa, huchukuliwa kuni. Yeye alikuta hayapo. Mimi sijui kama nilikuta yapo."

Kumbe hata ukweli ukiletwa na shahidi mwema bado haufiki. Nimeomba, nimechoka kuomba, nimeomba tena.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimeona Wariara wa ndani. Kampuni mbili zimepiga simu kuuliza kama uwanja umekuwa ziwa. Aliwajibu kwa sauti yake ya jeshi, "Karibuni sana, kumekauka!" Halafu akaenda nyuma ya hema la umeme, nikamkuta amepiga magoti kwenye tope na ile suti, anaomba kwa Kikuyu. Nilipiga magoti kando yake. Sielewi Kikuyu sana, nikasema amina pale aliponyamaza.

Akajifuta pua. "Mathe, umeharibu leso."

"Leso hufuliwa."

Jumatano, 14 Mei

Kesho. Changarawe imemwagwa njia ya malori, imara. Lakini pale langoni wageni watakaposhukia, na kandokando ya lami, ni uji mtupu. Wariara amesema, "Mathe, hayo sasa ndiyo mambo ya akina mama. Mgeni wa heshima asizame." Nikamwambia alale. Sisi tumezika watu na kuoza mabinti katika kila tope la wilaya hii.

Baba Jepleting amekubali kitu kimoja: atakuja asubuhi na pikapu ya kukodi yenye dereva wake, kushikilia chupa za chai zisianguke. "Nashusha narudi," akasema. Nimeridhika. Mungu huanza na chupa za chai.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeketi jikoni uwanjani, watu wamekwenda kuangalia mabanda. Nitaandika kwa utaratibu.

Tulifika kungali na ukungu, mimi na Wangu na akina mama wa ushirika. Tukafanya kama tunavyofanya kila matanga na kila harusi ya mvua: tulikata matawi ya misipresi kwenye ua wa shamba tukayatandika juu ya tope ili viatu visizame. Yalianza kutuishia. Wangu akasema tusiyatandike mfululizo, tuyaweke rundo-rundo, mgeni aruke kutoka rundo mpaka rundo. Wazo zuri. Tukaanzia mbali, kwa kuwa magari ya wageni yangesimama kandokando ya lami pande zote mbili za lango. Tulipanga vizuri, nafasi sawa sawa, kuelekea mjini na kuelekea Salgaa. Hata nilirudi nyuma kidogo nikatazama kazi ya mikono yetu, nikaiona kuwa ni njema.

Mimi! Mke wa dereva! Niliyewauzia chai madereva maisha yangu yote!

Mgeni wa heshima alifika mapema. Akaruka rundo kwa rundo, viatu vikabaki safi, akina mama tukapigana viganja. Akaketi. Bendi ikapiga. Kamera zote zikageukia barabara ya Salgaa. Ukungu. Bendi ikarudia wimbo. Ukungu.

Wariara akapiga simu, akaweka sauti ya wazi, mkono wake mwingine umeshika mkono wangu.

"Weldon, uko wapi?"

"Tuko hapa karibu, madam. Tumesimama."

"Mmesimama kwa nini? Mgeni ameketi!"

"Kuna gari imekufa mbele. Kuna matawi."

"Hakuna gari! Mimi niko hapa langoni, njia iko wazi. Ingia!"

"Madam, hapa nikiwa siioni hiyo njia, na nyuma yangu kuna trela ishirini na tisa. Nimetuma mtu atembee mbele aangalie. Mimi siwezi kupita matawi ya mtu kwa simu."

"Weldon, nakuomba."

"Nisamehe, madam. Hata wewe ndiwe ungekuwa umekwama, ungetaka nisimame."

Ndipo nikaelewa. "Wariara," nikasema, "hayo matawi ni yetu."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa na kitu chepesi. Kosgei alikuwa ameshaanza kukimbia upande wa Salgaa. Mimi nikakimbia upande wa pili, wa mjini, nianze kuyaondoa kutoka huko, kwa sababu nilijua na magari ya wageni yatakuwa yamerundikana. Nikikimbia nilikuwa ninasema Bwana, Bwana, wala sikuwa na neno lingine.

Na pale mwisho kabisa wa matawi yetu, ukungu ukafunguka, nikaona ile pikapu ya chai imesimama na taa za hazadi zinawaka. Dereva wake amekaa ndani ameduwaa. Na katikati ya barabara, peke yake, na ule mguu wake mgumu, amesimama Kipkemoi. Ameshika tawi la msipresi kwa mikono miwili.

"Baba Jepleting! Ondoka barabarani!"

"Gari iko wapi?" akauliza. "Nimetafuta gari iliyokwama, siioni."

"Hakuna. Ni sisi, akina mama. Tulitandika kwa ajili ya tope."

Hakunisikia vizuri. Uso wake ulikuwa mwingine. "Mama Jep," akasema, "nimeyaona. Kutoka kule darajani. Huyu kijana alikuwa anaongea, hajaona kitu, ukungu umefunga kabisa. Mimi nikapiga mguu chini nikamwambia simama, matawi! Kabla yake. Nilikuwa nimefumba macho, nilifungua mara moja tu, nikayaona."

Dereva wa pikapu akatoa kichwa. "Ni kweli mathe. Mzee alikanyaga sakafu nikadhani ataitoboa."

"Nimeyaona," akarudia, na sasa alikuwa analia, mvua nyepesi na machozi, vyote. "Basi hata siku ile ningeyaona. Kama yangekuwepo, ningeyaona."

Nilimshika. Hilo neno nililiomba karibu miaka miwili, na halikutoka kwa shahidi wala kwa mhubiri, lilitoka katika kosa letu la kijinga la matope.

Kisha nikamwambia kwamba malori yote yamesimama upande ule, hayaingii.

"Wote wamesimama?"

"Wote. Weldon amekataa."

Akapangusa uso na mkono wa koti. "Weldon ni mtoto mzuri," akasema. "Sasa kaeni kando. Matawi huondolewa na mtu anayetembea kuelekea kwa madereva, wamwone. Akiyaondoa mtu wa ofisi hawataamini."

Akaanza kutembea. Alipita langoni, mbele ya jukwaa, mbele ya mgeni wa heshima na kamera zote, akiinama kwa shida na kuokota rundo baada ya rundo, akiyatupa mtaroni. Nilimfuata na Wangu na akina mama wote, tunaokota. Bendi ilinyamaza. Tulimkuta Kosgei amesimama na wale madereva, wanamwambia, "Boss, wewe una kizibao cha shoo, wewe utasema lolote." Ndipo Weldon akamwona aliyekuwa anakuja kwenye ukungu. Akashuka.

"Mzee?"

"Hakuna aliyekwama," akasema Kipkemoi. "Ni akina mama wa kanisa."

Kicheko kilikwenda kutoka lori hadi lori mpaka la mwisho. Mmoja akapaza sauti, "Mathe, chapati zako tulizikubali, lakini kazi ya barabara tuachie!" Nikainua mikono nikakiri kosa.

Kosgei na Kipkemoi walitazamana. Hawakuwahi kuongea. Kosgei akasema tu, "Nilitembea mpaka kona, mzee."

"Nimeambiwa," akasema mume wangu. "Leo nimeamini." Wakashikana mikono kwa muda.

Weldon akaenda upande wa pili wa lori akafungua mlango wa kushoto. "Panda, mzee. Tuingie."

Kile kiti cha Mburu. Lori si lile, lakini kiti ni kilekile, kwa mtu aliyeketi nacho kando yake miaka yote hiyo. Alisimama na mkono kwenye kishikio. Nilimwona akiongea kidogo, si na Weldon. Kisha akapanda, mguu mgumu ukiwa wa mwisho.

Honi thelathini. Ninasema thelathini kwa sababu ya programu. Mimi nilizisikia kama elfu. Na Wariara, yule wa sauti ya jeshi, aliketi chini kwenye changarawe na ile suti nyingine, akalia huku anapiga makofi.

Ijumaa, 16 Mei

Kile kichwa cha kijivu leo kimepata macho. Baba Jepleting hakuongea sana. Aliwaambia wale wa bima na wa uchumi jina la Mburu, na kwamba aliimba vibaya. Akawaambia jana trela thelathini zilisimama kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo. "Mimi sina la kuongeza," akasema. "Mjue tu kwamba tutasimama. Kama mtayaweka."

Yule mama wa bandarini alivua miwani yake mizuri.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani, wote wawili. Mchungaji amehamisha chai nyuma.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imepungua, daftari limebaki kurasa chache. Mahema yamekunjwa. Wariara amepewa shoo nyingine, ya viazi, Molo, mwezi wa Oktoba; amesema nisishike tawi lolote.

Leo asubuhi Baba Jepleting ameondoka. Weldon anapeleka mzigo Malaba, amemwomba amsindikize, kiti cha kushoto. Si usukani. Pengine hautakuwa usukani tena, naye hakusema ndiyo wala la. Nilimfungia chapati, na nyingine za ziada, kwa mazoea ya Mburu. Alipokuwa anatoka nikaona amefunga panga langu la jikoni ndani ya gunia.

"Hilo panga unapeleka wapi?"

"Barabarani," akasema. "La kukatia matawi."